Saruji iwekeni kando: jibu kwa vijana wa Pangani wanaotaka kuokoa nyumba za mawe

Swali: "Shikamoo mzee. Sisi ni vijana 14 wa Pangani mjini, wake kwa waume. Nyumba za mawe za zamani huku zinaanguka moja moja. Kila masika ikipita tunahesabu pengo jingine. Tumeunda kikundi cha kujitolea na tumechagua nyumba moja ya ghorofa karibu na mto tuanzie hapo. Mfanyabiashara mmoja ametupa mifuko 20 ya saruji na ndoo za rangi nyeupe. Ukuta una ufa mkubwa, lipu imebanduka, na juu umeota mti. Mwenye nyumba alishafariki. Watoto wake wako Tanga, Dar na Muscat; mmoja tumeongea naye kwa simu akasema 'fanyeni tu'. Tukianza Jumamosi hii tutakuwa tumekosea?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jumamosi hii nendeni, ila mwende na daftari, ngazi na panga, mwiko muuache nyumbani. Saruji hiyo mtafutieni kazi nyingine kabla haijaganda, kwa sababu kwenye ukuta huo ndiyo itakayoumaliza.

Nasema hivyo kwa kuwa kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nilipokuwa kijana, nina miaka michache tu katika kazi hii, tulikarabati nyumba ya mawe katika mji mmoja mdogo wa pwani. Lipu ya zamani ilikuwa imechakaa kama hiyo yenu. Tukaikwangua yote, tukapiga saruji safi, tukapaka rangi ya dukani, nyumba ikang'aa kama bibi harusi. Watu wakatupongeza. Masika ya tatu nilirudi, nikaona ukuta umefura tumbo. Nikagonga kwa kidole: ko, ko, ko, kama ngoma. Nikatia bisibisi pembeni, likaanguka pande zima la saruji, gumu kama sahani, halina hata ufa. Nyuma yake jiwe la matumbawe lilikuwa limegeuka unga. Nililichota kwa kiganja kama unga wa muhogo. Saruji ilikuwa nzima, ukuta ndio uliokufa.

Sababu ni hii. Nyumba zetu hazikujengwa kwa tofali. Ukuta ni nusu mita au zaidi, mawe ya matumbawe yamepangwa na kushikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Jiwe la matumbawe lina matundu mengi, linavuta unyevu kutoka ardhini na kutoka hewani, na unyevu huo una chumvi. Lipu ya chokaa inauruhusu unyevu utoke, nyumba inatoa jasho na kukauka. Ukiifunika kwa saruji, au kwa rangi ya plastiki, jasho halina pa kutokea. Maji yanakwama nyuma, chumvi inaganda ndani ya vitundu vya jiwe, kila inapoganda inavimba kidogo, na jiwe linasagika kwa ndani huku uso wa nje unapendeza. Isitoshe saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Nyumba ya mawe hucheza kidogo kiangazi na masika, chokaa inacheza nayo, saruji inakataa, na vikivutana jiwe ndilo linaloshindwa.

Kwa hiyo mifuko hiyo 20 jengeeni choo cha shule, au muuze mnunue chokaa, ila mwambieni aliyewapa, asije akaona mmemdharau. Rangi nayo, kama ni ya plastiki, ipelekeni kwenye jengo la tofali.

Kazi ya kwanza ya kikundi chochote cha kujitolea ni kufuata maji. Mvua ya kwanza ikinyesha, chukueni miavuli muizunguke nyumba hiyo wakati inanyesha, si baada ya mvua kuisha. Tazameni maji yanaingilia wapi: bati lililotoboka, mfereji wa paa uliojaa majani, bomba lililokatika linalomwagia ukuta, kona ambayo barabara imeinuliwa hadi maji yanarudi msingini. Nimeona nyumba imekaa miaka 150 bila shida, halafu ikaangushwa kwa miaka mitano na bomba moja la maji ya paa lililochomoka. Nyumba ya mawe ikiwa na kofia nzuri na viatu vikavu, huo ukuta unaowatisha unaweza kuwangoja miaka kumi mkitafuta fedha. Bila kofia, hata mkiupiga chokaa bora mtakuwa mnapaka poda maiti.

Kama nyumba imeshapoteza paa, funikeni vichwa vya kuta. Bati chakavu, hata makuti, yaliyofungwa vizuri ili upepo wa kusi usiyapeperushe. Si kazi ya kupigia picha, najua, lakini kwa mwaka wa kwanza hamna kazi ya maana kuipita hiyo.

Sasa mti. Bila shaka ni wa jamii ya mkuyu, ndege na popo ndio wanaoleta mbegu zake. Msiung'oe! Vijana wakiwa wengi hushikwa na hamu ya kuvuta kamba, na mzizi umeshapita katikati ya ukuta, ukiuvuta unatoka na mawe ya dirisha zima. Kateni kwa msumeno kutoka juu, tawi kwa tawi, mkishusha kwa kamba. Kisiki kipakwe dawa ya kuulia magugu saa hiyohiyo, utomvu ukiwa bado mbichi. Mizizi ikifa, iacheni ndani, matundu myazibe baadaye kwa chokaa. Kama shina ni nene kama paja na mawe yameegemea juu yake, msiguse hata tawi mpaka aje mtu anayejua kuegemeza ukuta, maana hapo mti ndio nguzo.

Na ufa. Kuna methali ya ufa na ukuta ambayo kila mtu ataitaja mbele yenu, hasa wanasiasa siku ya uzinduzi. Kwa nyumba za mawe imeponza wengi, kwa sababu watu huziba kabla ya kuuliza ufa umetoka wapi. Ufa mwingine ni wa zamani, nyumba ilikaa vizuri miaka ya nyuma ikanyamaza. Mwingine bado unatembea. Mtaujuaje? Chukueni vipande vyembamba vya kioo, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini, mvibandike kukatiza ufa kwa kidonge cha plasta kila upande. Andikeni tarehe kwa penseli ukutani. Kila Ijumaa mmoja wenu apite kutazama. Kioo kikipasuka, ufa unatembea, na chanzo kiko kwingine: msingi umelowa, boriti imeoza, au ukuta wa jirani umebomolewa. Kikikaa kizima kupitia masika yote, ndipo mnaweza kufikiria kuziba.

Boriti mzichungulie kwa jicho kali. Dari na sakafu za juu zimebebwa na magogo ya mikoko, na urefu wa gogo zuri la mkoko, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ndio uliowaamuru wazee wetu wajenge vyumba vyembamba virefu. Boriti haiozi katikati unapoiona. Inaoza kichwa, pale ilipoingia ukutani, penye giza na unyevu na mchwa. Tieni bisibisi hapo. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, hakuna mtu kupanda ghorofa hiyo, awe mzito au mwepesi, na chini yake isimamishwe mirunda ya kuegemeza chini ya usimamizi wa fundi. Kubadilisha boriti ni kazi ya baadaye, na mikoko haikatwi ovyo: kibali ni cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Nasisitiza usalama kwa sababu ya tarehe 25 Desemba 2020. Beit el Ajaib ya Unguja, jengo la mwaka 1883, lililo ndani ya Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, lilikuwa likikarabatiwa upande wake mmoja ulipoporomoka, na watu wawili wakafa. Pale palikuwa na wahandisi na bajeti. Nyinyi mna moyo na ndoo za rangi. Kwa hiyo hakuna kuingia nyumba iliyofura au kulegea, watoto hawaruhusiwi eneo la kazi, na siku ya mvua kubwa mnakagua kwa nje tu.

Nikuulize sasa kuhusu huyo aliyesema "fanyeni tu". Ana haki gani ya kusema hivyo? Nyumba ya marehemu ni ya warithi wote mpaka igawanywe, na anayeweza kuisemea ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Ulizeni kama yupo. Kama hayupo, kusanyeni warithi kwenye kundi la WhatsApp, wa Muscat, wa Dar, wa Tanga, mpate ridhaa ya kila mmoja kwa maandishi na kwa jina lake. Muwaandikie wazi kwamba kazi yenu haiwapi haki yoyote juu ya nyumba. Sentensi hiyo moja itafungua milango mingi, kwa sababu hofu ya warithi walio mbali siku zote ni hiyohiyo: leo wanapaka chokaa, kesho watasema nyumba ni yao. Na mzee mmoja wa msikitini aulizwe kama nyumba si wakfu. Nyumba nyingi za pwani ziliwekwa wakfu na vizazi vilivyofuata vikasahau, halafu ugomvi unazuka fundi akiwa juu ya ngazi.

Baada ya warithi ni serikali. Anzeni kwa mtendaji, kisha halmashauri, kisha Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na mengine ya baadaye yanaweza kutangazwa kuwa ya urithi. Msibishane nyumba yenu ni ya mwaka gani. Andikeni barua, ambatanisheni picha, ombeni mkaguzi aje. Barua ikichelewa kujibiwa, kusafisha mifereji na kufyeka magugu uani kwa ridhaa ya wenye nyumba mnaweza kuendelea. Kubomoa, kujenga na kupiga lipu, hapana.

Milango nayo nataka muiwahi kabla ya kuta. Mlango wa nakshi ndio kitu cha kwanza kutoweka katika mji wetu wowote, maana unabebeka na una wanunuzi. Milango iliyochongwa kabla ya 1940 imo katika vitu vinavyolindwa na sheria hiyohiyo. Pigeni picha kila mlango wa mji, mbele na nyuma, mfaa (ule ubao wa katikati) na kizingiti, pimeni upana na kimo, andikeni kasoro zake: ua lililokatika, msumari wa shaba uliokosekana, bawaba iliyobadilishwa. Mlango wenye picha na vipimo mikononi mwa vijana 14 ni mgumu kuuza gizani. Kazi hii haihitaji hata shilingi, na hapa ndipo kujitolea kunapoipita fedha ya wafadhili.

Mkishaizoea milango, endeleeni na nyumba zote, si hiyo moja ya mtoni. Daftari moja, kila nyumba namba yake: paa likoje, ufa uko wapi, nani anakaa, nani anamiliki, vipi baraza, vipi zidaka (vishubaka vya ukutani) ndani. Halafu kaeni na wazee kwenye hizo baraza na mrekodi. Pangani ina habari nzito. Ndipo aliponyongwa Bushiri bin Salim na Wajerumani, Desemba 1889, baada ya pwani kuwainukia. Ndipo walipopitishwa watu waliouzwa utumwani. Mtasikia simulizi za kutisha kuhusu majengo, nani alizikwa chini ya nguzo gani. Ziandikeni zote, lakini kila moja iandikwe imesimuliwa na nani, lini, naye aliipata kwa nani. Msije mkaning'iniza ubao ukutani unaosema jambo kana kwamba mlikuwapo. Na mama zenu waulizeni kuhusu jiko, kisima na ua. Wanaume wa baraza hawajui nyumba ilivyoendeshwa, wanajua ilivyopokea wageni.

Chokaa nimeiweka nyuma makusudi, ingawa ndiyo sehemu ninayoipenda. Zamani tuliichoma wenyewe: magogo yanapangwa kwa duara, mawe ya matumbawe juu yake, tanuu linawaka usiku kucha na mji mzima unanusa moshi. Siwashauri mfanye hivyo, kuni hizo ni msitu, na matumbawe hai ya baharini hayaguswi. Huko Tanga, upande wa Amboni, mawe ya chokaa yamejaa, basi chokaa iliyochomwa mtaipata bila kutafuta mbali. Mkipata ya mawe, ambayo haijazimwa, chimbeni shimo, tieni maji kwanza kisha chokaa kidogo kidogo. Inachemka kweli kweli, inaruka, na tone moja jichoni ni upofu. Miwani, glavu, viatu vya kufunika, na ndoo ya maji safi karibu. Ikitulia ichujeni, iacheni chini ya maji wiki kadhaa, bora miezi, mpaka iwe laini kama siagi. Mkipata ya unga kwenye mifuko, hiyo imeshazimwa kiwandani, iloweni siku kadhaa kabla ya kuitumia. Hakikisheni ni ya kujengea, ya shambani iacheni shambani.

Mchanga msichote mdomoni mwa mto. Pale maji ya bahari yanapanda na kushuka, mchanga una chumvi, na chumvi ndiyo adui tuliyemzungumzia. Leteni wa bara, au uosheni mara kadhaa kwa maji baridi, na mwonje kwa ulimi (fundi aliyenifundisha alionja kila lori, akatema, akasema ndiyo au siyo). Kiasi kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, upondwe na kupondwa tena. Ukuta ulowekwe kwanza. Lipu ipigwe nyembamba, unene wa sentimita moja, na tabaka la pili lingoje siku kadhaa. Kisha, na hapa ndipo vijana wanaposhindwa, ufunikwe kwa magunia na ulowanishwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Chokaa ikikaushwa na jua la kaskazi inapasuka na kubanduka, na mtaniandikia kusema chokaa haifai. Pangeni zamu ya kumwagia maji kama mnavyopanga zamu ya kumwuguza mgonjwa.

Kazi hiyo ya lipu ifanywe na fundi mzee, mumlipe. Nasikia vikundi vinasema "fundi naye ajitolee kwa ajili ya mji wake". Yule ana watoto. Nyinyi jitoleeni kubeba maji, kuchuja mchanga, kupika, kuandika. Yeye apewe ujira wake, na kila siku ya kazi awe na wawili wenu pembeni wanaoshika mwiko wakifundishwa. Anzeni na ukuta wa nyuma, wa uani, ambako makosa hayaonekani. Wapo wazee wachache sana pwani hii ambao bado wanajua kupiga niru, chokaa laini ya kumalizia ukuta, ikalainika kama ganda la yai, na kila mwaka tunazika mmoja.

Hela za mchango ziwe na mtunza hazina mmoja, risiti zibandikwe mahali penye macho ya watu. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, unakufa kwa minong'ono kuliko kwa uchovu.

Mwisho wa yote itabidi mjue nyumba hiyo itakaliwa na nani. Jirani zenu wa Tanga mjini, shirika la Urithi, walilifufua Boma la zamani na sasa ni makumbusho. Mikindani, Boma la Wajerumani la 1895 liligeuzwa nyumba ya wageni. Njia hizo zinafaa jengo moja kwa kila mji. Nyumba nyingine zote zitapona ikiwa tu watu wanalala humo, wanapika humo, na mtu anasikia tone la kwanza la paa likidondoka usiku. Kwa hiyo mkiongea na warithi, kabla ya kuwauliza kuhusu lipu, waulizeni kama wangekubali familia ya mjini ikae humo kwa kodi ndogo, kwa sharti la kusafisha mfereji na kung'oa miche. Nimeona nyumba mbili zinazogusana ukuta, moja ina mpangaji, nyingine imefungwa kwa kufuli na mwenyewe yuko nje. Ile ya kufuli ndiyo iliyoanguka.

Nitumieni kwanza picha tatu: ukuta wa upande wa mto ukiwa umelowa, kichwa cha boriti yoyote inayoonekana, na kona ya chini pale mti unapoelekezea mizizi. Weka kiberiti au kalamu kando ya ufa nijue upana wake. Na uniambie mmebandika vioo tarehe ngapi.